Maambukizi yanapofika kwenye figo na ini: antioksidanti za mimea zinaweza nini?

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, hukosi kukuta gari lenye spika juu ya paa na meza iliyojaa chupa za dawa ya miti shamba. Zamani tangazo lilikuwa kwamba dawa inasafisha damu. Siku hizi limeongezwa neno la maabara: antioksidanti. Tunaambiwa zinalinda figo, zinalinda ini, na zinazuia maambukizi makali yasiharibu viungo vya ndani. Ujumbe uo huo unazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia na vya makanisa, na mara nyingi umeambatanishwa na utafiti wa chuo kikuu unaoonyesha kwamba manjano, tangawizi, chai ya kijani au mlonge umezuia figo kuharibika.

Utafiti wenyewe kwa kawaida ni wa kweli. Ndiyo maana jambo hili linawachanganya hata watu waliosoma. Mzazi anayeona jina la chuo kikuu na picha ya figo mbili, moja nzima na nyingine iliyoharibika, ana kila sababu ya kuamini. Shida ni kwamba anayeamini hivyo huanza kuchemsha majani wakati mtoto anahema kwa shida, na saa zinazopotea jikoni ndizo mtoto alizokuwa anazihitaji hospitalini. Kwa hiyo tulifungue suala hili taratibu, kuanzia na sepsis, yaani ile hali ya maambukizi makali kuharibu viungo vya ndani.

Sepsis ni nini

Maambukizi ni vijidudu kuingia mwilini na kuzaana: bakteria kwenye mapafu, kwenye njia ya mkojo, kwenye kidonda, au kwenye mji wa mimba baada ya kujifungua. Mara nyingi mwili hupambana navyo na kushinda, kwa msaada wa dawa au bila. Lakini kuna wakati mapambano yenyewe yanavuka mpaka. Mwili unawaka kila mahali badala ya pale penye vijidudu tu, na viungo ambavyo havikuwa na maambukizi yoyote vinaanza kushindwa kufanya kazi. Hali hiyo ndiyo inayoitwa sepsis. Tangu mwaka 2016 madaktari duniani wanaieleza hivi: viungo kushindwa kufanya kazi, kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, kutokana na mwili kuyajibu maambukizi kwa namna isiyodhibitika.

Si ugonjwa wa nadra. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka 2017 pekee kulikuwa na wagonjwa wa sepsis takriban milioni 48.9 duniani, na watu milioni 11 walikufa. Asilimia 85 hivi ya wagonjwa hao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu walikuwa watoto na vijana. Huku kwetu magharibi mwa Kenya tuna mchanganyiko wetu wa hatari. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Watafiti waliofanya kazi Siaya wameonyesha mara kwa mara kwamba watoto wenye malaria, upungufu wa damu au virusi vya Ukimwi hupatwa kwa urahisi zaidi na bakteria wa salmonela wanaoingia moja kwa moja kwenye damu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa anacheza asubuhi na kufikia jioni hatambui mtu.

Moshi usiobagua

Sasa tuingie kwenye oksijeni, maana neno antioksidanti halieleweki bila hiyo.

Seli nyeupe za damu tumezoea kuziita askari wa mwili. Zikikutana na bakteria, humzingira, humeza, kisha humwagia kemikali kali zinazotengenezwa kutokana na oksijeni. Mojawapo ni peroksidi ya haidrojeni, ile ile inayouzwa kwenye duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Nyingine ni ya jamii moja na kemikali inayofanya kazi ndani ya jiki ya kufulia nguo nyeupe. Kwa jumla wanasayansi huziita radikali huru na jamaa zake. Naomba msomaji alishike hilo: kemikali zinazotangazwa kama adui ni silaha ambazo mwili wako umezitengeneza wenyewe kwa makusudi. Watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza wapo, na huugua maambukizi mabaya tangu utotoni.

Mkazi wa mtaa wa Kondele, Kisumu, hahitaji kuelezwa sana yanayofuata. Polisi wakifukuza wezi kwenye uchochoro na kurusha gesi ya kutoa machozi, moshi haumfuati mwizi peke yake. Unaingia madirishani, unamkuta bibi kitandani, mtoto mchanga mgongoni, mwenye duka kwenye kaunta. Gesi ikiwa kidogo na mwizi akakamatwa upesi, mtaa unafikicha macho na maisha yanaendelea. Ikirushwa usiku kucha kila kona, wasio na hatia ndio wanaozimia. Katika sepsis seli nyeupe zinarusha silaha zake mwili mzima, na kuta za mishipa ya damu, figo, mapafu na ini ndizo nyumba zinazoingiwa na moshi.

Antioksidanti, yaani kemikali zinazozima radikali huru hizo, ni kile kitambaa chenye maji unachojifunika puani. Mwili una vitambaa vyake: kuna glutathioni, inayotengenezwa ndani ya seli, na vimeng'enya kadhaa vinavyovunja peroksidi kuwa maji na oksijeni. Vingine tunavipata kwenye chakula, kama vitamini C ya mapera na machungwa, vitamini E ya karanga na mafuta ya mbegu, na kundi kubwa la kemikali za mimea zinazoitwa polifenoli. Kurkumini ya manjano ni polifenoli. Katekini za chai ni polifenoli. Rangi ya zambarau ya ile chai mpya iliyotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011 inatokana na polifenoli ziitwazo anthosayanini.

Mfano wa Kondele unasaidia pia kuona mipaka. Kitambaa kinakusaidia kupumua. Hakimkamati mwizi. Na ukiweza kwa namna fulani kuwanyang'anya polisi gesi yote wakati wezi bado wako uchochoroni, huenda umewasaidia wezi. Wengi wanaouza antioksidanti husahau kwamba bakteria nao wanafurahi moshi ukipungua.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sokoni. Moshi huu ni sababu moja tu kati ya kadhaa zinazoharibu viungo katika sepsis. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, presha inashuka, na damu haifiki ipasavyo kwenye figo. Vidonge vidogo vya damu iliyoganda vinaziba mishipa myembamba. Halafu mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zinapunguza kazi. Wataalamu waliochunguza figo za watu waliokufa kwa sepsis walishangaa kukuta seli nyingi hazijafa. Zilikuwa hai, ila zimeacha kufanya kazi, kana kwamba zimejikunyata zikisubiri hali itulie. Hii ni habari njema kwa anayewahi matibabu, kwa sababu figo iliyozima inaweza kuwaka tena. Pia inaeleza kwa nini dawa inayogusa moshi peke yake haitoshi.

Panya wamepona. Kwa nini?

Sasa ule utafiti wa kwenye WhatsApp. Tafiti za namna hii ni nyingi sana, na nyingi zina umbo moja. Watafiti huchukua panya wa umri mmoja, uzito mmoja, wote wazima. Kundi moja hupewa kemikali ya mmea, mara nyingi kwa sindano au mrija wa tumboni, kwa siku kadhaa kabla. Kisha panya wote husababishiwa sepsis, ama kwa kuchomwa sindano ya sumu ya ganda la bakteria, ama kwa kutoboa utumbo wao ili uchafu uvujie tumboni. Baada ya saa chache au siku moja mbili, figo na ini hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Waliopewa kemikali mara nyingi wana uharibifu mdogo. Kurkumini imefanya hivyo, kwesetini ya vitunguu imefanya hivyo, resveratroli ya zabibu pia.

Hayo ni maarifa ya thamani. Yanatufundisha jinsi uharibifu unavyotokea na wapi tunaweza kujaribu kuuzuia. Lakini angalia neno "kabla". Panya alivaa kitambaa kabla gesi haijarushwa. Mgonjwa wa Ahero au Mumias anafika hospitali akiwa na siku mbili au tatu za homa, na moshi umeshajaa nyumba. Mgonjwa huyo tena si wa umri mmoja na mwenzake. Mmoja ni mama aliyejifungua juzi, mwingine ni mzee mwenye kisukari, mwingine ni mtoto wa miezi 8 mwenye malaria na upungufu wa damu. Na pale sumu ya ganda la bakteria inapotumika, panya hana bakteria hai hata mmoja wa kuuawa, kwa hiyo kumpunguzia silaha hakumgharimu chochote. Binadamu kunaweza kumgharimu.

Kuna pia suala la kiasi, na hapa naomba tufanye hesabu ya jikoni. Kijiko kimoja cha chai cha manjano kina uzito wa gramu 3 hivi. Kurkumini ndani yake ni karibu asilimia 3. Maana yake kijiko kizima kinakupa takriban gramu 0.1, sawa na uzito wa punje chache za mchele. Watafiti wamewahi kuwapa watu gramu kadhaa za kurkumini kavu kwa siku, na bado kiasi kilichoonekana katika damu kilikuwa kidogo mno, kwa sababu utumbo huifyonza kwa shida na ini huibadilisha na kuitoa upesi. Kuongeza pilipili manga kunaongeza ufyonzaji, ni kweli, lakini kunafanya hivyo kwa kuvuruga njia ambazo mwili unatumia kuondoa dawa, zikiwemo dawa nyingine anazomeza mgonjwa. Na hiyo ni kwa mtu mzima wa afya. Mtu mwenye sepsis damu yake imekimbilia moyoni na kwenye ubongo, utumbo umeachwa na damu kidogo, na mara nyingi anatapika. Uji wa manjano hauendi popote.

Pengine umeona kwenye pakiti alama zinazosema bidhaa ina nguvu ya antioksidanti ya elfu kadhaa. Alama hizo hupimwa ndani ya chupa ya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali maarufu la alama hizo kwa vyakula, na mwaka 2012 iliamua kuliondoa kwa sababu namba hizo hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili wa mtu, na wafanyabiashara walikuwa wanazitumia vibaya. Kwa kweli wanasayansi wengi leo wanaamini kwamba polifenoli hazizimi moshi moja kwa moja. Zinaingia kidogo, zinaigutusha seli, na seli yenyewe inajitengenezea vitambaa vyake zaidi. Hiyo ni kazi ya polepole, ya siku nyingi za kula vizuri. Managu, saga, mrenda, kunde, sukuma wiki: hivyo ndivyo vinavyostahili kuwa kwenye sahani kila wiki, mtu akiwa mzima. Osuga na dek za bibi, kama Wajaluo wanavyoziita managu na saga, zina nafasi yake ya heshima. Sijaona sababu yoyote ya kumkataza mtu mboga za kienyeji, na sitegemei kuiona.

Antioksidanti iliyojaribiwa kweli kwa wagonjwa

Kati ya antioksidanti zote zinazopatikana kwenye mimea, vitamini C ndiyo iliyofika mbali zaidi katika majaribio ya wagonjwa wa sepsis. Kisa chake kinafaa kusimuliwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha jinsi matumaini yanavyopimwa.

Sababu ya kuijaribu ilikuwa nzuri. Wagonjwa wa sepsis wana vitamini C kidogo sana katika damu. Katika wanyama ilisaidia. Mwaka 2017 daktari mmoja wa Virginia, Marekani, Paul Marik, alichapisha matokeo ya wagonjwa 47 aliowapa vitamini C kwa mshipa pamoja na haidrokotisoni (dawa ya jamii ya steroidi) na vitamini B1, akawalinganisha na wagonjwa 47 waliotibiwa hapo hapo kabla hajaanza utaratibu huo. Katika kundi la zamani walikufa asilimia 40. Katika kundi jipya walikufa asilimia 8.5. Habari zilienea dunia nzima kwa siku chache, na hospitali nyingi zilianza kuiga.

Lakini wale wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitibiwa miezi fulani na jingine miezi mingine, na mengi hubadilika wodini ndani ya muda huo. Basi yakafanyika majaribio ya kura. Mwaka 2020 jaribio la wagonjwa 216 huko Australia, New Zealand na Brazil halikuona faida ya mchanganyiko ule. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 167 wenye sepsis na mapafu yaliyoumia, halikuona tofauti katika vipimo vyake vikuu, ingawa vifo vilikuwa vichache kwa waliopewa vitamini. Matumaini yakabaki hai. Kisha mwaka 2022 likaja jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Kanada, la wagonjwa 872. Waliopewa vitamini C walipata miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 12 kwa siku, kiasi ambacho ungehitaji machungwa zaidi ya 150 kukipata. Kufikia siku ya 28, asilimia 44.5 ya waliopewa vitamini C walikuwa wamekufa au viungo vyao bado vimeshindwa kazi. Kwa waliopewa dripu isiyo na vitamini hiyo ilikuwa asilimia 38.5.

Isome tena sentensi hiyo. Dawa ya kulinda viungo ilihusishwa na viungo zaidi kushindwa. Hakuna aliyetarajia. Miongozo ya kimataifa ya kutibu sepsis ya mwaka 2021, iliyotoka kabla ya jaribio hilo la Kanada, ilikuwa tayari inapendekeza vitamini C ya mshipa isitumike.

Sisi Afrika Mashariki tunapaswa kuelewa somo hili haraka kuliko wengine, kwa sababu lilitufika mapema. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni, katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwemo za Mbale na Soroti ng'ambo tu ya mpaka wetu. Madaktari wengi waliamini kwamba dripu nyingi ya haraka inaokoa. Waliopewa dripu hiyo walikufa zaidi kuliko waliopewa maji polepole: takriban 10.6 kwa kila 100, dhidi ya 7.3. Hiyo haina maana kwamba dripu ni mbaya. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara anaihitaji, na bila dripu anaweza kufa. Inamaanisha kwamba jambo linaloleta maana kichwani bado linapaswa kupimwa kwa wagonjwa wenyewe, tena wa hapa.

Mmea uliofika hospitalini

Mtu atauliza: je, wazungu hawapendi dawa za mimea? Jibu liko katika kila wodi ya watoto ya ukanda huu. Artesuneti, sindano inayotolewa kwa malaria kali, inatokana na mmea wa artemisia unaotumiwa China tangu karne nyingi. Mama mmoja mtafiti wa huko, Tu Youyou, aliitenga kemikali yake miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 2010 jaribio la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika lilionyesha kwamba artesuneti ilipunguza vifo vya malaria kali hadi asilimia 8.5, kutoka asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto.

Na hapa kuna jambo ambalo wauza chupa hawalisemi. Artesuneti haiui vimelea kwa kuzima radikali huru. Inaviua kwa kuzizalisha. Inakutana na madini ya chuma ndani ya kimelea cha malaria, inavunjika, na moshi unaotoka hapo unakichoma kimelea kikiwa ndani ya seli ya damu. Dawa ya mmea inayookoa watoto wengi kando ya Ziwa Victoria inafanya kinyume kabisa cha antioksidanti. Ndiyo maana wataalamu wana sababu ya kuwa waangalifu na vidonge vya antioksidanti vya kipimo kikubwa mtu akiwa kwenye matibabu ya malaria.

Chai ya artemisia yenyewe, ile ya kuchemsha majani nyumbani, Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono. Kipimo cha dawa ndani yake hubadilika kutoka kikombe hadi kikombe, na kipimo pungufu kinavipa vimelea nafasi ya kuzoea dawa tunayoitegemea.

Yale yanayoaminiwa bila kupimwa

Wengi husema kitu cha asili hakidhuru. Ubaya wake mkubwa magharibi mwa Kenya unahusu kitu ambacho familia nyingi hazijui kwamba zinacho: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Ni wa kurithi, huwapata zaidi wavulana, na umeenea sana katika maeneo ya malaria kwa sababu unatoa kinga kiasi dhidi ya ugonjwa huo. Chembe nyekundu za damu za mtu huyu hazina vitambaa vya kutosha, na hupasuka zikikutana na kemikali fulani. Vitamini C ya kipimo kikubwa kwa mshipa ni mojawapo ya vinavyoweza kuzipasua. Unasoma vizuri: antioksidanti, ikizidi kiasi, inaweza kugeuka na kuwa chanzo cha moshi. Kinachofuata ni mkojo wa rangi ya koka na damu kushuka ghafla, na figo ndizo zinazoziba.

Mimea mingine mingi, subili ikiwemo, huharisha. Kwa mtu mzima mwenye afya ni usumbufu. Kwa mgonjwa wa sepsis ambaye figo zake tayari hazipati damu ya kutosha, maji anayoyapoteza chooni ndiyo aliyobaki nayo. Ripoti za ini kuumizwa na vidonge vizito vya manjano zipo pia, hasa vile vilivyochanganywa na pilipili manga. Manjano ya kwenye pilau haina tatizo hilo.

Wengine husema damu imeingia sumu, kwa hiyo isafishwe. Kazi hiyo mwili umeikabidhi ini na figo, na katika sepsis hizo ndizo zinazoumia. Kinachozisaidia ni kuua bakteria haraka. Kama presha imeshuka, antibiotiki inapaswa kuingia kwenye mshipa ndani ya saa 1 baada ya sepsis kutambuliwa. Kama haijashuka lakini sepsis inashukiwa, ndani ya saa 3. Pamoja nayo ni oksijeni, maji kwa kipimo, na kuondoa chanzo: kukamua jipu, kutoa mabaki ya kondo la nyuma, kukata tishu iliyooza.

Cha kutazama nyumbani

Dalili hizi hazihitaji kifaa. Kwa mtu mzima: kuhema mara 22 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, mkojo kupungua sana au kukoma, ngozi ya baridi yenye madoadoa, kutetemeka kwa nguvu. Kwa mama aliyejifungua ongeza uchafu unaonuka na maumivu ya tumbo yanayozidi.

Kwa mtoto, mvue nguo ya juu umtazame kifua. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa au simu. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akivuta mara 40 au zaidi, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta, huyo ni wa hospitali. Kisha shika kidole chake gumba, bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, achilia na uhesabu polepole. Rangi ya waridi inapaswa kurudi mara moja. Ikipita sekunde 3, damu haifiki vizuri. Kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea kiasi cha kushindwa kukaa hakungoji asubuhi, na hakungoji nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, amalize kuandaa dawa yake. Panda boda sasa hivi.

Ukifika, uwe ni zahanati ya kijijini au hospitali ya Jaramogi ambayo wengi bado wanaiita Russia, sema maneno haya wazi: "Daktari, nina wasiwasi ni sepsis." Hakuna atakayekuchukia kwa kuuliza. Na ueleze kila kitu ambacho mgonjwa amekunywa, bila kuficha kwa kuogopa kukemewa. Daktari anahitaji kujua kwa sababu za kazi tu. Vitamini C ya kipimo kikubwa, kwa mfano, inaweza kukifanya kile kifaa cha kutoboa kidole kionyeshe sukari nyingi kuliko iliyopo, mgonjwa akachomwa insulini asiyoihitaji wakati sukari yake halisi iko chini. Kama kuna chupa, ibebe. Kama ni majani, beba hata tawi, ili wajue ni mmea gani na waangalie figo na ini mapema.